Sauti Yangu Kwenye Kona ya Mwisho

Wiki mbili zilizopita dada yangu Naliaka alikuja kwangu Kanduyi kukaa siku tatu kwa ajili ya kliniki ya goti. Asubuhi ya kwanza nilikuwa jikoni nikichemsha chai, harufu ikanifikia kutoka chumbani. Ilikuwa ile harufu kali yenye ubaridi, inayopanda puani na kukutoa machozi hata kama huna la kulilia. Alikuwa amefungua kopo lake la dawa ya kuchua. Nilisimama na kijiko mkononi, maziwa yakafura yakamwagika, na sikuwa na nguvu ya kuyawahi. Nyinyi mliozaliwa miaka yetu mnajua jinsi harufu moja inavyoweza kumshika mtu mzima shingoni na kumrudisha alikotoka. Mimi ilinirudisha nje kidogo ya Kitale, kwa kukhu, nyanya yetu mzaa baba, nikiwa na miaka minane. Kuna jambo nililifanya huko ambalo nilikuwa sijamweleza mtu yeyote.

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alienda kutafuta kazi, na nadhani kazi ilimpata ikamficha, maana hatukumwona tena. Tulibaki watatu: kukhu, ambaye macho yake yalizidi kuingiwa na ukungu kila mwaka, Naliaka, aliyenizidi miaka kumi na miwili, na mimi, Nekesa, mzigo. Sijidharau nikisema hivyo. Mtoto hujua akiwa mzigo, hata akibebwa kwa upendo.

Nilipoanza nasari, Naliaka alikuwa bado yuko sekondari, na shule zetu zilikuwa upande mmoja, mwendo wa karibu saa nzima. Kila asubuhi kulikuwa na kuni, maji na uji wa kukhu, kwa hiyo kila asubuhi tulichelewa. Alikuwa akikimbia mbele na mikoba yote miwili, mimi nyuma yake na sweta iliyonifika magotini. Hakuweza kunibeba na hakuweza kuniacha. Basi alikimbia hatua kumi, akageuka kuangalia kama ninakuja, akakimbia tena, akageuka tena. "Nekesa, kuja! Kuja basi, si kengele italia!" Nakumbuka visigino vyake vyenye vumbi jekundu, na nusu ya uso wake juu ya bega la kushoto, jicho moja likinitafuta. Miaka mitatu tulikwenda shule hivyo.

Majirani walimcheka alipoanza kukimbia mashindano. "Mbukusu na mbio, wapi na wapi? Mbio ni za watu wa mlimani." Walisahau kwamba mama yetu alikuwa wa huko huko, Mlima Elgon. Kukhu, ambaye hakuwahi kumsifu mkaza mwanawe alipokuwa hai, alimsifu akiwa kaburini. Alisema Naliaka alirithi miguu kwa mama na ubishi kwa baba, na kwamba angalau safari hii ubishi umepata kazi ya kufanya.

Aliyemgundua ni Mwalimu Barasa, mwalimu wa michezo katika shule yangu ya msingi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye filimbi shingoni hata kanisani. Alimpenda Naliaka kwa kasi yake na alimchukia kwa jambo moja tu: kila alipokaribia kumaliza, aligeuka nyuma. Hakukuwa na mtu wa kumwogopa, pengine aliyemfuata alikuwa mbali kama Kimilili, lakini aligeuka tu, juu ya bega la kushoto, na kila akigeuka alipoteza hatua mbili tatu na mguu wake ukakanyaga asipopaona. Mbio zetu zilikuwa za nyika, si za uwanjani. Zilipita mashambani, juu ya vishina vya mahindi na mashimo ya ng'ombe, zikavuka kijito, zikapanda kwenye josho, na hapo kulikuwa na kona ya mwisho yenye matope mwaka mzima. Usipoangalia mbele pale, unalala chini.

Mwalimu alijaribu kila njia. Alimkumbusha vijana wetu wanavyotoka mtoni alfajiri ya kutahiriwa, matope yakiwa kichwani, wanatembea kwenda kukutana na kisu na hawageuki nyuma hata wakiitwa. "Wewe ukiona matope, jua umetoka mtoni," alimwambia kwa lafudhi yake iliyogeuza l kuwa r. "Mbere tu! Angaria mbere!" Naliaka aliitikia ndiyo mwalimu, akakimbia, akageuka.

Ndipo siku moja Mwalimu akanishika mkono akanipeleka kwenye ile kona ya josho. Alinisimamisha juu ya jiwe. "Simama hapa. Ukiona dada yako anakuja, piga kerere, mwambie usigeuke. Kwa nguvu yako yote. Wewe ndiwe dawa yake." Nilipiga kelele mpaka mbwa wa josho wakabweka. "Usigeuke, dada! Usigeuke!" Na Naliaka hakugeuka. Alipita mbele yangu akitazama mbele kama aliyeshikwa kidevu, matope yakanirukia mdomoni, akamaliza wa kwanza. Tangu siku hiyo nilipewa cheo. Wilayani nilikuwa kwenye kona ya mwisho, mkoani vilevile, na hata Nairobi kwenye mchujo wa taifa Mwalimu alinipeleka, akanisukuma katikati ya miguu ya watu wazima mpaka kwenye kamba. Naliaka akamaliza wa tano, akachaguliwa miongoni mwa wanawake sita wa mbio fupi za nyika, kilomita nne, kwenda kukimbia ubingwa wa dunia ng'ambo. Nilirudi Kitale nikiamini kwamba tumechaguliwa wawili.

Mjue kilichokuwa kwenye mizani. Kukhu alikuwa hawezi tena kuniona nikiwa upande wa pili wa uwanja, na mara mbili alikuwa ameunguza mkono akipika. Shangazi yetu wa Kanduyi, mama mwenye duka la nguo za shule, alikuwa ameshasema atanichukua mimi, na binamu mmoja wa Tongaren atamchukua kukhu. Nyumba ingefungwa. Lakini kulikuwa na afisa mmoja wa jeshi aliyesimamia wanariadha wa kikosi chake, na alikuwa amemwambia Naliaka kwamba akirudi na medali atamwandika kazi, na kazi ina nyumba. Jioni moja Naliaka alinieleza tukipukuchua mahindi ya mbegu. "Nikipata, tutakaa pamoja. Wewe, mimi na kukhu. Nyumba ya mabati na mfereji wa maji ndani."

"Na usipopata?"

"Utaenda kwa shangazi."

"Na wewe?"

Alichukua hindi lingine akaanza kulipukuchua kwa nguvu.

Siku ya kuondoka, kukhu alimsimamisha mlangoni akamtemea mate ya baraka kifuani, akamwambia maneno ya Kibukusu ambayo mengine sikuyaelewa. Kisha akatugeukia sisi sote tuliokuwa uani. "Mtu akishaanza safari, haitwi. Acheni aende." Naliaka akaenda na begi lake, Mwalimu pembeni akimsindikiza mpaka kituoni. Nililia, nikafuta kamasi, na nilipoingia ndani nikaona kopo la dawa ya kuchua juu ya kitanda. Kwa dawa ya lile kopo alichuliwa magoti kila jioni, na mimi ndiye niliyemchua. Sikufikiri. Nililichukua nikatoka mbio, nikaita, "Dada! Dada Naliaka!" Alikuwa ameshafika kwenye miti ya mikaratusi barabarani. Aligeuka, juu ya bega la kushoto, akaniona, akacheka, akarudi hatua chache kulichukua. Nyuma yangu nilisikia kukhu akipiga makofi mara moja, yale makofi ya mtu aliyeona sufuria ikianguka. Hakunigombeza. Aliingia ndani akakaa, na mimi nikabaki na harufu ya ile dawa mikononi.

Mbio zilikuwa Jumamosi alasiri. Ilikuwa msimu wa kupanda, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na uani kulikuwa na magunia ya mbolea yaliyofunikwa kwa nailoni. Betri za redio tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Majirani walikuja na viti vyao, hata wale waliosema mbio ni za watu wa mlimani. Mwalimu Barasa alikaa karibu kabisa na redio, filimbi mkononi, na mimi nilikuwa kati ya magoti yake.

Mtangazaji aliongea kwa kasi kuliko wakimbiaji. Alitaja majina ya Wahabeshi, akataja ya Wakenya, na katikati nilisikia jina la dada yangu, jina la nyumbani kwetu, likitoka kwenye kile kisanduku, na majirani wakapiga kelele. Alikuwa wa nne. Kisha alikuwa wa tatu. Mwalimu alianza kunifinya bega. "Zimebaki mita mia tatu," mtangazaji akasema, "wanaingia kwenye kona ya mwisho, Mkenya yuko nafasi ya tatu, ana nguvu bado, anageuka nyuma... anageuka tena... ameanguka! Mkenya ameanguka kwenye matope!" Sauti ikaanza kuzama. Betri zilikuwa zinaisha. Mwalimu aliitoa moja akaiuma kwa meno, akairudisha, redio ikakohoa, ikasema kitu kuhusu mguu, kuhusu kukaa chini, ikanyamaza. Hakumaliza mbio. Hilo tulilipata jioni kwa redio ya jirani.

Watu walianza kuondoka wakiwa na viti vyao vichwani, wakisema yale yanayosemwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo mtu akiniambia asiyekubali kushindwa si mshindani natamani kumuuliza yeye alishindwa nini. Na kuhusu maji, mimi nilikuwa nimemwona kukhu mara nyingi akiyazoa kwa kitambaa na kuyakamulia kwenye sukuma wiki. Nilikaa pale kwenye magunia ya mbolea na wazo moja likanijaa kichwani: kona ya mwisho haikuwa na mtu.

Mwalimu alisimama akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, kwa kukhu, "Kesho saa nane wataonyesha kwenye runinga, kipindi cha michezo. Mimi sitaki kuona." Kukhu alisema hata yeye hataki, na kwamba hata akitaka hawezi. Mimi nilinyanyua kichwa.

Niwaeleze nilivyofikiri, na msinicheke. Nilikuwa na miaka minane, na ujuzi wangu wa redio ulikuwa huu: redio husema mambo kabla hayajatokea. Kila asubuhi ilisema mvua itanyesha Trans-Nzoia, na mara nyingine haikunyesha. Ilisema kesho kutakuwa na jua. Runinga ilikuwa kitu kingine. Runinga nilikuwa nimeiona mara tatu, kwenye hoteli moja mjini Kitale, watu wakitazama mpira. Wanaume walisimama wakamwambia mchezaji, "Piga! Piga basi!" na mchezaji akapiga. Nilishuhudia kwa macho yangu kwamba anasikia. Kwa hiyo Jumamosi redio ilikuwa imetabiri tu. Mbio zenyewe zingekimbiwa Jumapili saa nane, kwenye runinga, na mpiga kelele alikuwa bado ana muda wa kufika.

Jumapili nilimwambia kukhu kwamba naenda shule ya Jumapili. Nilivaa gauni la kanisani na sweta, nikapita kanisa bila kulitazama, nikashika barabara ya Kitale. Nilitembea na kukimbia, nikapita mashamba yaliyolimwa kwa trekta, wanawake waliobeba mbegu kwenye mabeseni, na watu wa baiskeli walioniuliza, "Mtoto, unaenda wapi peke yako?" Niliwajibu, "Kwa dada." Nilikuwa nikisema ukweli. Njia nzima sikupiga kelele wala kuimba, maana nilikuwa nahifadhi sauti. Nilifika mjini miguu ikiwa imechubuka, nikauliza saa, nikaambiwa bado dakika kumi.

Ile hoteli ilikuwa karibu na soko. Runinga ilikaa juu kabisa kwenye kona, ndani ya kizimba cha waya kilichofungwa kwa kufuli, ili isiibiwe. Wanaume walijaa kwenye mabenchi na vikombe vya chai, wakingoja mpira. Mwenye hoteli, mama mmoja mnene mwenye leso kiunoni, aliniona mlangoni. "We mtoto, unatafuta nani?"

"Dada yangu."

"Dada yako hayuko hapa. Hapa ni wanaume tu."

"Atakuja," nikamwambia. "Saa nane."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda kuhudumia watu. Nilijipenyeza mpaka chini ya kile kizimba.

Mbio zilipoanza, wanaume walilalamika. "Haya ni mambo gani? Si waweke mpira!" Mwingine akasema, "Wacha bana, ni wasichana wetu hao." Na mimi nikamwona. Alikuwa mdogo kama kidole, shati jekundu, nywele zimefungwa kwa kitambaa nilichokijua, nyasi zikiwa na rangi ambayo sijaiona kwetu. Alikuwa hai na alikuwa anakimbia. Nataka mnielewe: moyo wangu ulijaa furaha ambayo sijawahi kuipata tena, hata siku ya harusi yangu, hata siku ya kumzaa mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimefika kwa wakati. Nilijizuia. Mwalimu alinifundisha kutopiga kelele mapema. Wa nne. Wa tatu. Kona ile pale, na matope yake meusi.

"Usigeuke, dada! Usigeuke!"

Hoteli nzima iliruka. Naliaka aligeuka, juu ya bega la kushoto. Akageuka tena. Akaanguka, na yule aliyekuwa nyuma yake akampiga goti kwa kiatu cha misumari akipita.

Nilisimama mdomo wazi. Sikuwa nimepiga kwa nguvu ya kutosha, nilijua hilo papo hapo, nilikuwa nimechoka na barabara. Kisha jambo la ajabu likatokea. Alisimama tena. Alikuwa tena kabla ya kona, mzima, lakini safari hii alikuwa anakimbia polepole, polepole kabisa, mguu ukipanda hewani na kukaa huko. Nikamshukuru Mungu. Alikuwa amepunguza mwendo ili anisikie. Nilipanda kwenye benchi, nikapanda kwenye meza katikati ya vikombe, nikashika waya wa kizimba kwa mikono miwili na kuweka mdomo wangu karibu na kioo. "Usigeuke! Ni mimi! Ni Nekesa, niko hapa, usigeuke!" Nilikuwa na muda wa kulisema mara tano, mara sita. Na polepole vilevile kidevu chake kikaanza kusogea kuelekea begani. Niliona jicho lake. Lilikuwa linatafuta mtu.

Walionyesha mara ya tatu, kutoka upande mwingine, na mara ya tatu nilipiga kelele ingawa sauti ilikuwa imekatika na kilichotoka kilikuwa kama mlango unaokwaruza. Alianguka mara tatu mbele ya macho yangu.

Kijana mmoja alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka. "Ati anamwambia asigeuke! Mtoto, si hizo ni za jana!"

"Za jana?" nikamuuliza.

"Za jana. Hizo zilishaisha."

Yule mama mwenye hoteli alikuwa ameshafika kunishusha kwa hasira, kwa sababu ya vikombe. Alinishika kiunoni akaniuliza sikioni, "Huyo ni nani wako?"

"Ni dada yangu."

Mkono wake ukalegea. Aliwaambia wale wanaume wanyamaze, na wakanyamaza, hata yule kijana. Mtu mmoja mzee alipunguza sauti ya runinga kwa kijiti. Nilitamani wangeendelea kucheka. Ukimya ule ndio ulionieleza kwamba ilikuwa kweli, kwamba kuna jana ambayo huwezi kuifikia hata ukitembea mpaka Kitale. Nililia bila sauti, maana sauti nilikuwa nimeimaliza. Mama yule alinipa chai ambayo sikuinywa, akamtuma ndugu yake anirudishe kwa baiskeli. Kwa kukhu nilisema kwamba koo limeniuma kwa kuimba kanisani. Siku nne sikuweza kuongea, na nilikubali hiyo kuwa adhabu yangu.

Naliaka alirudi baada ya wiki na nusu, goti likiwa kwenye bandeji na kopo la dawa ya kuchua mfukoni. Afisa hakuja. Mwalimu Barasa alikuja mara mbili, akakaa, akaizungusha filimbi vidoleni, akaenda. Nilimchua dada yangu goti kila jioni na sikumuuliza kitu, na yeye hakunieleza kitu. Nilingoja aniambie, "Ulikuwa wapi?" Hakusema. Nikaona amenikasirikia zaidi ya kusema. Na lile la kumwita kutoka nyuma siku ya safari, hilo nililimeza lenyewe kama jiwe.

Mahindi yalipofika magotini walitugawa. Kukhu alipelekwa Tongaren na godoro lake. Naliaka alipata kibarua kwenye shamba la maua upande wa pili wa Kitale, kulala huko huko, na kabla ya kuripoti alinileta Kanduyi kwa shangazi. Alinivua sweta akaikunja, akaniambia nisome, nisijibishane na watu. Kisha akatoka langoni na kushika barabara ya kuelekea kituoni, akichechemea. Nilisimama kwenye lango. Nilijua angegeuka. Maisha yangu yote hakuwahi kwenda hatua kumi bila kugeuka kuniangalia. Nilihesabu hatua kumi. Nikahesabu ishirini. Alipita kwa fundi baiskeli, akapita kwenye mti wa mvule, mgongo ukiwa umenyooka, akipotea, na hakugeuka hata mara moja. Siku hiyo ndipo alipofuata maagizo ya Mwalimu.

Nililia wiki mbili kwa shangazi. Nyumba yake ilikuwa karibu na uwanja wa michezo, na hilo lilizidisha mambo, kwa sababu kila shule zilipokuja kwa mashindano nilisikia filimbi kutoka kitandani, na nilijifunika kichwa. Nilikuwa na uhakika kwamba dada yangu ameniacha kwa sababu sikuwa kwenye kona. Niliukuza uhakika huo pamoja na meno yangu makubwa. Tulionana Krismasi, tulionana kwenye mazishi ya kukhu, tulitumiana salamu na mahindi mabichi, tukawa watu wazima wanaoheshimiana. Kuheshimiana na dada yako ni jambo la kusikitisha sana.

Basi asubuhi ile ya wiki mbili zilizopita nilifuta maziwa, nikaingia chumbani, nikamkuta amekunja gauni juu ya goti. Goti lilikuwa limevimba kama kiazi. Nilimpokonya kopo bila kumuuliza, nikapiga magoti sakafuni nikaanza kumchua kama zamani. Mikono haikuwa imesahau. Na kwa kuwa nilikuwa nimeinama na hakuniona uso, niliweza kusema.

"Dada, siku ile kule ng'ambo. Kwa nini uligeuka?"

"Nilifika kwa kona," akasema, "nikangoja sauti. Nilikuwa nimezoea. Nikifika kona nakusikia, halafu najua uko. Siku hiyo kukawa kimya, kulikuwa na watu wengi lakini kwangu mimi kulikuwa kimya. Nikageuka kuangalia uko wapi." Akacheka kidogo. "Ujinga, eh? Nilijua uko Kitale. Lakini shingo haikujua."

Nilimweleza. Nilimweleza redio inayotabiri, barabara, kizimba cha waya, meza na vikombe. Nilimweleza alivyokimbia polepole ili anisikie. Nilisema yote nikiwa nimeshika goti lake, na nilipomaliza mashavu yangu yalikuwa yameloa na mikono ilikuwa na dawa, kwa hiyo sikuweza kujifuta.

Naliaka alinifuta kwa upindo wa gauni lake. "Ulifika kweli," akasema. "Ulichelewa siku moja tu."

"Na siku ile uliyonileta hapa kwa shangazi? Hukugeuka."

"Ningegeuka ningekuchukua," akasema. "Na mahali pa kukupeleka sikuwa napo." Kisha akateremsha gauni akasema chai itapoa, na kliniki hawangoji mtu.

Tulitoka saa mbili. Kliniki iko mbali kidogo tu, lakini ana goti lile, na mimi nina mwendo wa haraka niliourithi pia. Nilibeba mkoba wake na wangu. Baada ya hatua chache nikasikia viatu vyake vikiburuta mbali nyuma yangu, na kabla sijafikiri, kidevu changu kilikuwa kimeshafika begani.

"We Nekesa!" akaniitia kutoka nyuma, akipumua kwa shida. "Angalia mbele! Usigeuke!"

Sikumsikiliza. Nilifika kwenye mti wa mvule nikiwa nimegeuka mara saba.